Nywele za Dada Twilumba na Kikohozi cha Babu Lukasi

Ninyi wenzangu mliozaliwa enzi za Mwingereza na kulelewa huku kwetu kwenye baridi mtanielewa nikisema kwamba zamani kichwa kilikuwa kazi. Siku hizi mtu anaingia saluni mchana na nywele zake, anatoka jioni na nywele za mtu mwingine, ndefu mpaka kiunoni, na hakuna anayemuuliza zimekua lini. Sisi nywele tulikuwa tunazisubiri. Tulizisubiri kama mahindi, na kama mahindi, tuliogopa zisije zikapigwa na baridi kabla ya kukomaa.

Mambo ya shule msiniulize sana. Nilisoma mpaka darasa la pili, la tatu nikalichungulia dirishani, maana kaka zangu walikuwa ndani na mimi nilikuwa nje na mbuzi. Kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, na nikipotea njiani mnisubiri, nitarudi.

Tulikaa Kitandililo, upande ule ambao ukisimama kilimani siku isiyo na ukungu unaliona vumbi la malori yanayoingia Makambako. Nyumba yetu ilikuwa ya wasichana watupu ukiwaondoa kaka wawili, na nywele zetu mnazijua: zile za kujisokota zenyewe, kila unywele na akili yake. Ukizichana kavu, meno ya chanuo yanabaki humo ndani. Chanuo letu lilikuwa la mti, alichonga baba, na lilikuwa na mapengo mengi kuliko bibi. Kwa hiyo kwanza nywele zinaloweshwa maji ya vuguvugu, kisha zinapakwa mafuta ya nyonyo. Mama alizikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakaelea, akayaengua polepole kwa kijiko cha mti. Harufu yake, mtu akipita njiani anajua hapa pana msichana. Mwezi wa sita na wa saba mafuta yale yalikuwa mazito kama asali ya zamani, na kibuyu chake kililala karibu na mafiga kama mtoto mchanga, sisi wenye damu tukatetemeka huko mlangoni.

Halafu unakaa chini, kati ya magoti ya mama. Hapo ndipo dunia ilipokuwa ngumu. Ukitikisika, chanuo linatua begani. Mama yangu alikuwa na neno lake moja la siku zote: "Tulia, sikuchinji." Alilisema huku ananivuta mpaka naona nyota mchana. Nywele zikishalainika zinafungwa kwa uzi mweusi, fungu mojamoja, kuanzia shinani mpaka nchani, mpaka kichwa kinasimama miiba kama nungunungu. Uzi ukikazwa sawasawa, macho yanapanda juu na huwezi kulala wala kukasirika. Baada ya wiki unafungua, na nywele zimenyooka, zimekuwa ndefu mara mbili, unatembea kama shingo imeazimwa.

Baba yeye hakuwa na habari. Alikuwa na upara tangu ujana. Enzi zile wanaume walitozwa kodi ya kichwa, na kila msimu wa kodi alisema serikali ingemfikiria, maana kichwa chake ni nusu. Alikuwa mzee wa kanisa lakini alipenda kuchekesha. Haya, nimeanza kupotea. Nilitaka kuwaambia habari za dada yangu.

Dada Twilumba ndiye mkubwa wetu, na alikuwa hajawahi kujiona ana nywele. Utotoni alinyolewa kwa sababu ya chawa. Alipokwenda shule ya misheni, huko wasichana wote walinyolewa kila mara, wakapangwa mstari vichwa vinang'aa kama viazi vilivyooshwa. Alipomaliza, nywele zikaanza kutoka, bibi yetu akafa. Akanyolewa. Zikatoka tena, akafa mjomba wa baba. Akanyolewa. Maana desturi ya ukoo wetu ilikuwa hiyo: akifa mkubwa, vichwa vyote vya nyumba vinanyolewa. Binti mkubwa wa ukoo anaanza, siku hiyohiyo ya kifo, ndipo kilio kifunguliwe. Sisi wengine tunafuata baada ya mazishi.

Basi alipochumbiwa na Zakayo, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza ya duka moja Makambako, dada alimwambia mama maneno ambayo mimi niliyasikia kwa masikio haya. "Mama, mimi sitaolewa kama kibuyu. Nitaolewa nina nywele. Hata siku moja tu, nijue zinafananaje."

Mama akakubali. Zakayo naye, alipoambiwa, akawa kila akija na baiskeli yake analeta uzi mweusi, ule mzuri wa kushonea makoti, ameuficha mfukoni kama mwizi. Nywele za dada zilitunzwa mwaka ule kuliko ng'ombe wa maziwa. Zilioshwa, zilipakwa, zilifungwa uzi, zilifunguliwa, zilifungwa tena. Alilala na kitambaa kichwani. Akienda kuchota maji aliweka kata ya majani laini chini ya mtungi, na mimi nikitembea nyuma kuangalia matone yasimharibie. Harusi ilipangwa baada ya baridi, kwa sababu mchungaji alikuwa akipita kwetu kwa zamu, na akishapita, mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo siku haikuweza kusogezwa mbele wala nyuma.

Sasa baridi ikaingia, na Babu Lukasi akaanza kukohoa.

Babu Lukasi alikuwa ndugu yake babu yetu mzaa baba, ndiye mzee pekee aliyebaki. Alikaa peke yake katika kibanda nyuma ya nyumba yetu, kibanda kisicho na dirisha, chenye moshi mpaka mende walihama. Kila baridi ilipofika alitangaza, "Mwaka huu siumalizi." Alitangaza hivyo tangu sijazaliwa, na kila mwaka aliumaliza na kuukaribisha mwingine. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Lakini mwaka ule alipolisema neno lile, mama aliacha kukoroga uji, akamtazama dada kichwani.

Shangazi Yudita, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa mlinzi wa desturi zote za ukoo. Wembe wake aliufunga kwenye pindo la khanga, popote anapokwenda. Baba alimwambia kwa upole, "Dada, hata ikitokea, kanisa halitulazimishi kunyoa." Shangazi akajibu, "Kanisa lilimzika mama yetu kwa wimbo mmoja likaenda zake. Aliyelia wiki nzima ni mimi. Akifa baba Lukasi, vichwa vyote vinanyolewa, harusi au si harusi."

Basi ikabaki njia moja. Babu asife.

Jamani, mzee yule alitunzwa! Alipewa uji wa ulezi asubuhi, maziwa mchana, supu jioni. Kaka zangu walimchanjia kuni kavu peke yake. Kila jioni mama alipasha jiwe kwenye moto, jiwe la mviringo kama mkate, akalifunga kwa tambara, nami nikalipeleka likawekwa miguuni pake kitandani. Wa baridi mnalikumbuka jiwe hilo. Wa pwani mtafikiri natunga. Mama mwenyewe hakuingia, maana mkwe haingii chumbani kwa mkwewe. Alisimama nje, mgongo umeelekea mlangoni, akauliza, "Baba, mmeamkaje?" na kama sauti haikuja haraka, aliita tena kwa nguvu.

Mwanzoni babu alishangaa, akadhani tumeokoka upya. Halafu siku moja alikataa uji, akasema hauna ladha. Dada akashindwa kuvumilia. "Babu, kunywa! Nywele zangu jamani!"

Babu akaweka bakuli chini. "Nywele zako zimefanya nini, mke wangu?" Alizoea kumwita dada mke wake, kama mababu wanavyotania. Dada akamweleza yote, huku analia. Babu akakuna kidevu. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana. Basi uji huu mwambie mama yako auongezee siagi."

Kuanzia siku hiyo tulipata mfalme. Firigisi ya kuku, ambayo kwetu ilikuwa ya baba, ikahamia kibandani. Baba aliitazama ikipita kama mtu anayesindikiza lori. Babu akitaka soksi, anakohoa. Akitaka kuku, anakohoa mara mbili, anasema, "Naliona giza." Akataka ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ulanzi mwezi wa saba! Wakati mianzi imekauka, hata mtoto anajua ulanzi ni wa mvua. Mama akamwambia kutoka nje, "Baba, ulanzi hakuna msimu huu." Babu akajibu, "Na mimi labda msimu huu sipo." Mwisho wake alikubali komoni, pombe ya nafaka, na baba yangu, mzee wa kanisa, akawa anaibeba kwenye birika la chai, kaifunika kwa kitambaa, anasalimia watu njiani, "Kamwene, kamwene," uso mkavu kabisa. Watu walishangaa jinsi babu alivyopenda chai.

Zakayo akija kusalimia, ndipo kikohozi kilipofika kileleni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwizi wa mke wangu. Umeleta nini?"

Zakayo akamshonea koti la kaki, lenye mifuko minne. Babu akalivaa, akajigeuza. "Hili la kuzikiwa au la harusini?"

"La harusini, babu."

"Basi ongeza kola. La kuzikiwa ningelichukua hivihivi."

Mwanamke mmoja wa Iringa, jirani, alikuja kumsaidia mama kumsuka dada siku moja, akamlaza mistari yote kwenda nyuma, ikapendeza sana. Mama akauliza mtindo unaitwaje. Yule mama akasema kwao unaitwa twende kilioni. Mama alipiga yowe, akairukia mistari ile, akafumua kichwa kizima pale pale. Dada alilia, jirani akanuna, na mimi nikapelekwa mbio kibandani kuhakikisha babu anapumua. Alikuwa anapumua. Aliuliza kama kuna kuku.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Zilikuwa zimebaki siku chache sana kabla ya harusi. Asubuhi ile, ingawa baridi ilikuwa inaaga, umande ulikuwa umeganda, majani meupe, ukikanyaga yanalia. Mama alikuwa anamfunga dada uzi wa mwisho, ule ambao ungefunguliwa kwenda kanisani. Upande wa kulia umeshafungwa, wa kushoto umesimama wima. Shangazi Yudita alikuwa amekuja kwa maandalizi. Mama akaenda kwenye kibanda kama kawaida. "Baba, mmeamkaje?"

Kimya.

"Baba?"

Kimya. Wala moshi hautoki.

Mama hakuweza kuingia. Akamwita shangazi. Shangazi akaingia gizani, akaita, akapapasa blanketi. Blanketi limetuna, mtu yumo. Akashuka na mkono mpaka miguuni. Akagusa kitu kigumu, baridi kama kaburi. Akatoka nje ameshika kichwa. "Ameshakauka! Tangu usiku!"

Sijasikia tena kilio kama kile. Baba alivua kofia. Kaka mmoja akatumwa kwenda kuwaambia majirani. Dada alitoka mbio, bila viatu, kwenye umande ulioganda, nusu kichwa nungunungu na nusu kichwa moshi, akaanguka magotini katikati ya ua. Hakulia kwa sauti. Alishika tu nywele zake kwa mikono miwili, zile za upande wa kushoto, kama mtu anayeshika mtoto anayetaka kuchukuliwa. Mimi nilikuwa mdogo lakini picha ile ninayo mpaka leo, na sicheki nikiikumbuka, ingawa mengine yote nacheka.

Shangazi hakupoteza muda. Yeye ndiye binti mkubwa, yeye anafungua kilio. Alikaa kwenye kigoda, akafungua pindo la khanga, akatoa wembe, akajimwagia maji ya kata. Na lazima niseme ukweli, shangazi alikuwa na nywele nzuri, nyeusi, nyingi, alizificha chini ya kitambaa wala hakuringa nazo. Akajinyoa. Kwaruu, kwaruu, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, machozi yanashuka, nywele zinaanguka kwenye khanga. Wanawake wa jirani walishafika, wanalia wamejishika viuno.

Alikuwa anamalizia nyuma ya sikio la pili, ndipo tukasikia sauti kutoka njia ya kisimani.

"Nani kafa?"

Ni Babu Lukasi. Kavaa koti la kaki na kola yake, anayumba kidogo, mkononi ana birika letu. Usiku alikuwa ametoka kwenda kwa rafiki yake ng'ambo ya bonde, kwenye komoni mbichi, na ili mama asihangaike alikunja ngozi ya kondoo chini ya blanketi. Alichokishika shangazi ni lile jiwe la kupashia miguu. Lilikuwa limepoa, kama jiwe linavyopaswa kupoa.

Babu akatutazama mmoja mmoja, akamfikia shangazi kwenye kigoda, kichwa kinang'aa, wembe mkononi. Akashtuka kwelikweli. "Yudita! Kafa nani mkubwa hivyo, na mimi sijaambiwa?"

Baba ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa, kicheko kikamponyoka puani. Kisha mama, kisha jirani wa Iringa, kisha ua mzima. Dada alicheka huku machozi yanamtiririka, amekaa palepale chini. Shangazi peke yake hakucheka. Aliufunga wembe kwenye pindo, akajifunga kitambaa, akamwambia babu, "Sasa usife tena mwaka huu. Mimi sina cha kunyoa."

Harusi ikafika. Alfajiri mama alifungua nyuzi, akachana kwa chanuo jipya alilotuma Zakayo, na nywele za dada zikapanda juu, nyeusi, laini, nene, zikamzunguka uso kama wingu la mvua. Tulizikodolea macho. Halafu wakaja akina mama wa kanisa na kitambaa cheupe, wakamfunika mpaka kwenye nyusi. Bwana wee! Ndivyo ilivyokuwa, bibi harusi hakuingia kanisani kichwa wazi. Mwaka mzima wa uzi na nyonyo na firigisi ukaingia kanisani gizani na kutoka gizani. Dada alitembea ameinamisha macho, na watu wakasifu, "Bibi harusi mpole." Hakuwa mpole. Alikuwa anahuzunika.

Kwenye karamu, watu wamekaa, wali unapakuliwa, Babu Lukasi akasimama na fimbo. Akasema kwa sauti ambayo mgonjwa hana. "Kitambaa kile kitolewe."

Mwinjilisti akasema, "Mzee, si utaratibu."

"Utaratibu ni wangu leo. Mimi nimekunywa uji miezi mitatu kwa ajili ya nywele zile. Nimekaa hai wakati nilishachoka. Nizione."

Zakayo, fundi yule mpole, akageuka akamfungua mkewe kitambaa mwenyewe, taratibu, kama anayefungua kitambaa kipya dukani. Nywele zikasimama. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani Njombe walisikia. Babu akasogea, akaweka kiganja chake juu yake, kikazama. Akakiacha hapo muda.

"Kumbe ndizo hizi," alisema. "Basi sikula bure."

Aliishi miaka mingine mingi, mpaka firigisi ikarudi kwa baba na ikaondoka tena. Alipokufa, ilikuwa msimu wa mvua, ulanzi umejaa kila nyumba, na safari hii shangazi alimtikisa mara tatu kabla ya kushika wembe. Dada alikuja kutoka Makambako na mtoto mgongoni, nywele zake zimetunzwa, nzuri kuliko za siku ile. Shangazi akamwambia, "Wewe umeolewa, uko ukoo mwingine, si lazima." Dada akamshusha mtoto, akakaa kwenye kigoda, akafungua kitambaa. "Shangazi, zilikuwa zake," alisema. Shangazi alimnyoa taratibu, na hakuna aliyehitaji kumwambia dada atulie, hachinjwi.

Wenyewe hao wote wamekwenda. Nimebaki mimi, hapa Njombe mjini, kwa mjukuu wangu Neema. Vijana wa leo mmeona visa vyao. Walichoma vichwa kwa dawa mpaka wakavuka upara wa baba yangu. Wakavaa mawigi, nimehudhuria msiba ambao mfiwa alivua wigi kwa huzuni, akalirudisha baada ya mazishi. Sasa wamegundua kwamba nywele walizozaliwa nazo ni nzuri, na wanatufundisha sisi. Neema anapaka parachichi kichwani. Parachichi! Na juzi nimemwona anavunja yai, nikafikiri napata kitu cha kula, akalimimina kwenye nywele. Nilimwambia, Babu Lukasi angeona yai linapita mdomo wake kwenda juu, angekufa kweli.

Lakini zimekuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Jioni anakaa chini, kati ya magoti yangu, na ninazifunga kwa uzi mweusi jinsi mama alivyofunga, vidole vyangu vimekuwa vizito lakini vinakumbuka. "Bibi, unanivuta!" analalamika. "Tulia, sikuchinji," namwambia.

Harusi yake ni baada ya baridi. Nami wiki iliyopita nilikohoa kidogo, kwa bahati tu, nikamsimulia habari hii yote, na nikamwambia desturi ya ukoo haijafutwa. Asubuhi yake ilikuja supu. Jana nilikohoa mara mbili, ikaja kuku, na firigisi juu. Najua anajua kwamba hakuna anayenyoa tena siku hizi, na kwamba mimi nikiondoka watajifunga vitambaa vya sare na kwenda. Nilimtazama akiweka bakuli, nywele zake zimesimama kama wingu lile. Akaniuliza kama nataka na jiwe la miguu, alipashe.